Noti Sita za Rekoda: Kupiga Wimbo wa Furaha wa Beethoven kwa Solfa

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kwaya hapa Nairobi, mkononi ana karatasi ya solfa (noti za do, re, mi) iliyotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia, tayari ana nusu ya kazi ya kuupiga Wimbo wa Furaha kwa rekoda, ile filimbi ya shule. Iliyobaki ni ya vidole na pumzi, nayo ndiyo nusu rahisi. Wanaohangaika na rekoda miezi na miezi ni wale wanaoanza na chati ya vidole kabla ya kuujua wimbo. Wanakariri kwamba B ni matundu fulani na A ni matundu fulani, lakini sikio halijui linatafuta nini, kwa hiyo kosa likitokea hawalisikii. Mwongozo huu unafuata njia ya kwaya: imba kwanza, vidole vifuate.

Wimbo wenyewe unatoka katika simfoni ya 9 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824. Kwa wimbo huo ndipo kwaya inapoingia kuimba shairi la Schiller, mshairi wa Kijerumani, la kuisifu furaha. Pengine umeusikia kanisani ukiwa na maneno mengine kabisa. Unamfaa anayeanza kwa sababu unatembea hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda na kushuka ngazi karibu bila kuruka. Mistari mitatu kati ya minne haitoki nje ya do, re, mi, fa, so. Mruko mkubwa ni mmoja tu, na tutauchukulia muda wake.

Beethoven aliuandika katika ufunguo wa D. Ukiupiga hivyo kwenye rekoda ya shule utahitaji F kali (F iliyopandishwa nusu hatua) tangu noti ya kwanza, na anayeanza hana haja ya shida hiyo. Ukiuhamishia C, vidole vyote vya mkono wa kulia vinaingia kazini mapema mno. Hapa tunauweka katika G, yaani G ndiyo do. Hivyo karibu wimbo mzima unabaki kwenye mkono wa kushoto.

Kununua rekoda

Unayotaka ni rekoda ya descant, ile fupi ya plastiki ambayo watoto wa shule hutumwa kununua. Maduka ya vifaa vya shule mitaani huwa nayo, na katikati ya jiji utaipata kwenye maduka ya ala upande wa Luthuli Avenue na River Road. Ya plastiki inatosha kabisa. Ya mbao ni nzuri lakini inataka matunzo, na ya bei ya chini mara nyingi ni mbaya kuliko ya plastiki.

Kabla ya kulipa, itoe kwenye mfuko wake uikague. Chungulia kwenye ule ufa mwembamba wa mdomoni huku umeielekeza kwenye mwanga. Njia ya hewa iwe nyoofu, isiwe na kipande cha plastiki kilichobaki kiwandani. Kisha angalia dirisha, lile tundu la mstatili lililo kichwani. Ukingo wake wa chini ndio unaoipasua hewa na kutoa sauti. Ukiwa umepigwa pembe au una meno, rudisha, kwa sababu haurekebishiki. Mwisho, zungusha maungio. Kichwa, mwili na mguu vishikane kwa kukaza kidogo, visicheze.

Zipo rekoda za mfumo wa Kijerumani na za mfumo wa Kibaroki. Tazama matundu ya mbele ukihesabu kutoka juu: kama la nne ni dogo kuliko la tano, hiyo ni ya Kibaroki, la tano likiwa ndilo dogo, ni ya Kijerumani. Kwa Yamaha, YRS-23 ni ya Kijerumani na YRS-24B ni ya Kibaroki. Tofauti kubwa iko kwenye noti ya F, na wimbo huu katika ufunguo wa G hauna F hata moja. Piga uliyo nayo. Ila kama unanunua leo na unatarajia kuendelea baada ya wimbo huu, chukua ya Kibaroki. Ile ya Kijerumani hurahisisha F moja, halafu inakulipisha kwenye F kali.

Mikono ikae wapi

Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Sheria hii haina mashoto. Anayeandika kwa mkono wa kushoto pia hushika hivyo, kwa sababu tundu la mwisho limewekwa pembeni kukingoja kidole kidogo cha mkono wa kulia. Watoto wengi hugeuza mikono wiki ya kwanza na hakuna anayewaambia, kwa kuwa B, A na G hutoka hata mikono ikiwa imegeuzwa. Tatizo huonekana wanapofika noti za chini, na kufikia hapo vidole vimezoea vibaya.

Tuyape matundu namba. La nyuma ni 0, la dole gumba la kushoto. Mbele, 1, 2 na 3 ni ya kidole cha shahada, cha kati na cha pete cha kushoto. 4, 5, 6 na 7 ni ya mkono wa kulia, kuanzia shahada hadi kidole kidogo. Dole gumba la kulia halina tundu. Kazi yake ni kubeba rekoda kwa chini, mkabala na tundu la 4, na lisiondoke hapo hata kama vidole vingine vyote vimepumzika.

Funika tundu kwa ile nyama laini ya kidole, usitumie ncha. Ili kujua kama unafunika sawasawa, funga 0, 1, 2 na 3, kaza kidogo ukihesabu hadi tano, kisha geuza vidole utazame. Kila kidole kiwe na alama ya duara kamili. Ukiona nusu duara, upande usio na alama ndiko hewa inakotorokea. Mara nyingi mkosaji ni kidole cha pete, kwa kuwa ni kivivu na hukaa kimekunjamana. Kipimo hiki ni cha kukagua tu. Unapopiga, gusa kwa wepesi, maana vidole vinavyokaza haviwahi kuhama.

Pumzi ni kidogo kuliko unavyofikiri

Asilimia kubwa ya kelele za rekoda, ule mlio mkali unaowafanya majirani wa ploti wafunge madirisha, hautokani na vidole. Unatokana na pumzi nyingi. Hewa ikipita kwa nguvu, sauti huruka juu na kupiga mluzi. Usipulize kama unayewasha jiko la makaa. Puliza kama unayetia mvuke kwenye kioo cha miwani ili ukifute: hewa ya joto, taratibu, yenye mwendo mmoja.

Weka ncha ya rekoda katikati ya midomo, ndani kidogo tu, isiguse meno. Midomo ifumbate bila kubana. Funga 0 na 1, hiyo ndiyo B. Toa pumzi na ushikilie sauti kwa mapigo manane, kila pigo sekunde moja. Sauti isipande wala isishuke. Ikitetemeka mwishoni, ulianza na hewa nyingi ukaishiwa. Rudia mara tano. Zoezi hili linachosha roho, lakini hakuna lingine linaloweza kushika nafasi yake.

Sasa ulimi. Kila noti huanzishwa kwa ulimi unaosema "tu" kimya kimya, ncha ikigusa nyuma ya meno ya juu na kuachia. Pumzi inaendelea kutiririka, na ulimi unaikata tu, kama mkono unaopitishwa kwenye maji ya bomba. Piga B nne kwa pumzi moja: tu, tu, tu, tu. Ukisikia "hu, hu, hu, hu", unaanzisha noti kwa kifua, na utachoka kabla ya kumaliza mstari. Ukisikia kama mate yanatemwa, punguza nguvu ya ulimi.

Noti sita

Andika jedwali hili kwenye karatasi ulibandike mahali unapofanyia mazoezi. Matundu yaliyotajwa ndiyo yanayofungwa, mengine yote yawe wazi. Herufi d, r, m, f, s ni do, re, mi, fa, so, na alama ' ni ya noti ya juu.

d = G: 0 1 2 3
r = A: 0 1 2
m = B: 0 1
f = C': 0 2
s = D': 2
s₁ (so ya chini) = D: 0 1 2 3 4 5 6

Tatu za kwanza ni ngazi ya kawaida: unaongeza kidole, sauti inashuka. C' na D' ndizo zinazoshangaza. Katika C' kidole cha shahada kinainuka na cha kati kinabaki peke yake mbele, dole gumba likiwa limefunga nyuma. Katika D' hata dole gumba linaondoka. Rekoda sasa imeshikwa na kidole kimoja cha kushoto, mdomo, na dole gumba la kulia. Ndiyo maana tulisema dole hilo lisihame. Kama rekoda bado inayumba, egemeza kidole kidogo cha kulia kwenye mwili wake, karibu na mguu, bila kufunga tundu.

Dole gumba la kushoto likifungua, lisiende mbali. Liviringishe kidogo pembeni, nafasi ya punje ya mchele inatosha. Dole linaloruka na kuning'inia hewani huchelewa kurudi, na ukichelewa kurudi utasikia noti ya tatu isiyokuwepo kwenye wimbo.

Imba kwanza

Weka rekoda mezani. Huu ndio wimbo mzima. Kila kisanduku kati ya mistari ya wima, yaani kipimo, kina mapigo manne. Herufi moja ni pigo moja, isipokuwa palipoelezwa.

Mstari wa 1
m m f s | s f m r | d d r m | m . r r –
B B C' D' | D' C' B A | G G A B | B . A A –

Mstari wa 2
m m f s | s f m r | d d r m | r . d d –
B B C' D' | D' C' B A | G G A B | A . G G –

Mstari wa 3
r r m d | r mf m d | r mf m r | d r s₁ –
A A B G | A BC' B G | A BC' B A | G A D –

Mstari wa 4 ni sawa na wa 2.

Nukta inaongeza nusu pigo kwa noti iliyotangulia. Kwa hiyo "m . r r –" ni mi ya pigo moja na nusu, re ya nusu pigo, kisha re ya mapigo mawili. Herufi mbili zilizoshikana, "mf", zinagawana pigo moja, nusu kwa nusu. Kistari kirefu kinashikilia noti ya mwisho kwa pigo moja zaidi.

Imba kwa solfa huku ukipiga makofi ya mapigo. Do iwe popote sauti yako inapostarehe, haihitaji kuwa G. Usiende kwenye rekoda mpaka uweze kuimba mistari yote bila kutazama karatasi, hasa ule wa tatu. Kwa mtu wa kwaya hii ni kazi ya dakika kumi. Kwa mtoto wa Gredi ya 4 ambaye hajazoea solfa, mpe siku tatu, mstari mmoja mmoja, hata akiwa anaosha vyombo.

Hatua inayofuata watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Egemeza ncha ya rekoda kwenye kidevu badala ya mdomoni. Imba solfa kwa sauti huku vidole vikifuata jedwali. Ukiimba "fa" vidole viwe kwenye 0 na 2, ukiimba "so" dole gumba liwe limefunguka. Hapa hakuna mlio wa kukuaibisha wala jirani wa kukugongea ukuta. Hata ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road unaweza kufanya vidole bila kidevu, rekoda ikiwa mapajani. Mara kumi za namna hii zinazidi mara thelathini za kupuliza ovyo.

Mstari wa kwanza, kwa rekoda

Weka metronomu ya simu, ile ya kuhesabu mapigo, kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika. Anza na kipimo cha kwanza peke yake: B B C' D'.

Shida iko kati ya B na C'. Kidole cha shahada kinainuka wakati huohuo cha kati kinapotua. Shahada ikiinuka mapema, utasikia noti ndogo ya juu ikichomoza katikati. Cha kati kikitua mapema, utasikia A. Fanya zoezi la noti mbili: B C' B C', polepole kabisa, kila noti mapigo mawili, mara nane. Fikiria mizani ya sokoni, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Ukiharakisha zoezi hili unazoeza vidole kukosea.

C' kwenda D' ni rahisi zaidi: inua dole gumba tu, vingine vitulie. Kosa la kawaida ni mkono mzima kuinuka pamoja na dole. D' ikitoka hafifu au ya puani, angalia kama kidole cha kati bado kimefunika tundu lake vizuri.

Kipimo cha pili kinashuka: D' C' B A. Kisha vuta pumzi. Mahali pa kuvuta pumzi ni baada ya kipimo cha pili na baada ya kipimo cha nne, kila mstari. Kwa mwendo wa 60 hiyo ni sekunde nane kwa pumzi moja, na rekoda hula hewa kidogo sana, kwa hiyo usijaze mapafu kama unayezamia baharini. Hewa ikijaa kupita kiasi inataka kutoka kwa nguvu, na tumekwisha ona nguvu inafanya nini. Pumzi ivutwe kwa mdomo, haraka, pembeni mwa rekoda, na muda wake uibwe kwenye noti iliyotangulia. A ya mwisho ifupishe kidogo, lakini G inayofuata iingie kwenye pigo lake. Anayefanya kinyume huwaacha wenzake njiani kila mstari.

Kipimo cha nne, B . A A –, watu hukipiga kama noti tatu zilizo sawa. Hesabu kwa mdomo kwanza: "moja na mbili na tatu na nne na". B inaanza kwenye "moja" na kukaa hadi mwisho wa "mbili", A fupi iko kwenye "na" inayoifuata, kisha A ndefu kwenye "tatu". Ulimi utasema tuuu-tu-tuu. Ukiweza kuusema, utaupiga.

Mstari wa pili na wa nne vinatofautiana na wa kwanza kwenye kipimo cha mwisho tu: A . G G –. Ukiwa na wa kwanza, tayari una robo tatu ya wimbo.

Mstari wa tatu ndio mtihani

Hapa chukua muda. Kuna mambo mawili, na kila moja lifanyiwe mazoezi peke yake kabla ya kuyaunganisha.

La kwanza ni BC' B ndani ya vipimo vya pili na vya tatu. Ule mpishano wa shahada na kidole cha kati sasa unatakiwa ufanyike kwa nusu pigo, kwenda na kurudi. Shusha metronomu hadi 50. Piga A, BC', B, halafu simama. Rudia. Usiongeze G mpaka hizo nne zitoke safi mara tano mfululizo. Ukikosea mara ya nne, hesabu inaanza upya. Wapo wapigaji wanaokwepa mpishano huo kwa B mbadala ya matundu 0, 2 na 3, ambapo kutoka C' unaongeza kidole cha pete tu. Ni ujanja halali, lakini rangi ya sauti yake ni tofauti kidogo, na anayeanza atachanganyikiwa na B mbili. Uache kwanza.

La pili ni mruko wa mwisho: G A D. Kutoka A (0 1 2) unatakiwa uongeze vidole vinne kwa mpigo mmoja, 3, 4, 5 na 6, na vyote vifunge bila mwanya. Hapo ndipo rekoda hulia kama paka aliyekanyagwa. Ijenge noti hii kwa ngazi. Piga G na uishikilie. Bila kukata pumzi, ongeza 4 na 5 kwa pamoja, umepata E. Ikitulia, ongeza 6, umepata D. Rudi juu kwa njia hiyohiyo. Tundu la 6 kwenye rekoda nyingi ni vitundu viwili vidogo vilivyokaa bega kwa bega, na vyote viwili lazima vifungwe.

D isipotoka, usipulize zaidi. Hiyo ndiyo silika ya kila mtu, na ndiyo inayoharibu. Noti za chini hutaka hewa ndogo na ya joto kuliko zote, na ulimi laini, karibu "du" kuliko "tu". Punguza pumzi hadi sauti karibu izime, halafu sikiliza. Ikiwa bado inapiga mluzi, kuna tundu linavuja. Fanya kile kipimo cha alama za duara kwa vidole vyote saba. Ukikuta vya kulia viko sawa, kagua cha pete cha kushoto na dole gumba. Mkono wa kulia unapotua kwa kishindo huisukuma rekoda, na mkono wa kushoto ukahama bila wewe kujua.

Mtoto mwenye vidole vifupi anaweza kushindwa kulifikia la 6 kwa sasa. Asilazimishwe. Apige D' ya juu mahali pake, ni so ileile, na wimbo hauharibiki. Vidole vitakua.

Jambo dogo kwa wanaotaka kufuata simfoni yenyewe: kule Beethoven hangoji mstari wa tatu umalizike. Mi ya kwanza ya mstari wa nne inaingia pigo moja mapema, kwenye pigo la nne la kipimo cha D, na inashikiliwa hadi kipimo kinachofuata. Vitabu vingi vya nyimbo vimeliondoa hilo ili watu waimbe pamoja bila kukanyagana. Jifunze kwanza bila hilo, kisha ulijaribu. Wimbo huamka ghafla pale.

Ratiba na mwendo

Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Dakika tatu za B ndefu, tatu za zoezi la noti mbili, tano za mstari wa siku hiyo, na zilizobaki piga unachokijua tayari kwa raha yako. Ukiwa fleti yenye kuta nyembamba, piga kabla ya saa mbili usiku, na mazoezi ya kidevu yafanye baada ya hapo.

Mwendo uupandishe kwa ngazi: 60, 66, 72, 80. Usipande kabla ya kupiga wimbo mzima mara mbili bila kusimama. Kuteleza noti moja si kitu. Kusimama ndiko kunakoua wimbo. Kwa mwendo wa 60 mapigo yake 64 yanachukua sekunde 64. Ukifika 100 unachukua chini ya sekunde 40, na hapo unasikika kama wimbo wa furaha kweli.

Sauti ikiziba

Ukiwa umepiga vizuri dakika kumi, kisha sauti ikaanza kuwa ya kukwama, kama mtu mwenye mafua, si wewe. Ni unyevu. Pumzi yako ni ya joto, plastiki ni baridi, na mvuke umegeuka matone ndani ya njia ya hewa. Asubuhi za Julai hapa Nairobi hutokea ndani ya dakika mbili. Dawa ni kukiweka kichwa cha rekoda kwapani au ndani ya koti dakika tano kabla ya kuanza. Likitokea katikati ya wimbo, ziba dirisha kwa kidole bila kuugusa ule ukingo mkali, upulize mara moja kwa nguvu, maji yatoke.

Rekoda ya plastiki inayoziba kila mara itibu hivi: tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kijiko cha maji, mimina kwenye njia ya hewa kupitia dirishani, iache ikauke yenyewe bila kusuuza. Maji hayatajikusanya kuwa matone tena kwa siku kadhaa.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki. Maji ya moto hupinda plastiki, na jua la dashibodi ya gari pia. Usichokoe njia ya hewa kwa sindano, msumari wala njiti ya kibiriti. Mkwaruzo mmoja pale ndani unatosha kubadilisha sauti milele. Maungio yakikaza, paka vaselini kidogo sana. Na kila mtu awe na yake. Kuazimana rekoda darasani ni kuazimana mafua.

Wawili pamoja

Ukishapata mtu wa kupiga naye, mpe noti moja tu: D ya chini, aishikilie mapigo manne manne kutoka mwanzo hadi mwisho, akianza upya kwa ulimi kila kipimo. Noti hiyo inakubaliana na wimbo mzima katika ufunguo wa G, na kwake ni mazoezi mazuri ya ile D ngumu. Rekoda mbili huwa hazilingani mara ya kwanza, hasa moja ikiwa imetoka tu kwenye begi la baridi. Pasheni zote mbili, pigeni B pamoja, msikilize. Mkisikia mawimbi, ua-ua-ua, moja iko juu. Yenye sauti ya juu ivutwe kichwa nje milimita moja au mbili, sauti yake itashuka. Vuteni kidogo kidogo hadi mawimbi yapungue mwendo na kupotea. Halafu pigeni mstari wa tatu hadi mwisho wake, pale nyote wawili mnapokutana kwenye D moja. Mawimbi yakirudi hapo, na kule kwenye B hayakuwepo, mmoja wenu anapuliza D kwa nguvu kupita kiasi.